Siku Mama Alipoung'oa Mkono wa Gia

Juzi nilikuwa napita mbele ya gereji moja huku ninakoishi sasa, upepo ukaniletea harufu ya grisi kuukuu iliyochanganyika na pumba za mpunga. Miguu ikasimama yenyewe. Kijana aliyekuwa amelala chini ya gari akachungulia akaniuliza, "Tukusaidie nini, mama?" Nikamjibu sina shida, nanusa tu. Akanitazama kama mtu anayetafuta njia ya kumkimbia mgonjwa. Ningemweleza nini? Nyie wa rika langu, mliokua wakati gari la mtu mmoja lilikuwa gari la mtaa mzima, ndio mtakaonielewa. Harufu ile ilikuwa ya pikapu ya baba, na ilinirudisha moja kwa moja Kibaoni, uwanjani kwetu, asubuhi niliyotoka nyumbani mbio nikipiga yowe kwamba mama anataka kumuua baba.

Pikapu yenyewe ilikuwa kuukuu tangu siku baba alipoileta. Rangi yake ilikuwa kama jani la mgomba linaloanza kukauka, kiti chake kimoja kirefu kutoka mlango hadi mlango, na ukikaa kati springi zinakuchoma mapajani. Gia yake haikutokea sakafuni kama ya magari ya siku hizi. Ilikuwa fimbo nyembamba ya chuma iliyochomoza ubavuni mwa shingo ya usukani, upande wa kushoto, na kwenye ncha ina kirungu cheusi kilichong'arishwa na kiganja cha baba. Wenye kujua magari huiita mkono wa gia. Mimi jina hilo sikulijua. Kwangu ilikuwa ile fimbo ya baba, na nilijua jambo moja tu juu yake: haiguswi.

Si fimbo peke yake. Baba hakupenda mtu aguse chochote cha gari lile. Aliliosha mwenyewe, alilijaza maji mwenyewe, na mama akipanda alikaa upande wa abiria na mikono mapajani kama mtu aliye kanisani. Lakini macho yake hayakukaa kanisani. Nilikuwa nakaa kati yao, nikayaona: yalifuata miguu ya baba, yakapanda kwenye mkono wake, yakarudi miguuni. Nilidhani anatafuta kitu kilichodondoka.

Mwaka huo, wakati wa mavuno, baba alianguka kutoka juu ya magunia, akavunjika mkono wa kushoto. Hospitalini wakamfunga hogo, plasta ngumu nyeupe, kutoka kwenye kifundo hadi juu ya kiwiko, vikabaki vidole tu vikichungulia, vimevimba kama ndizi za kuiva. Na kana kwamba gari nalo lilimwonea huruma, wiki hiyohiyo likaugua. Fimbo ilianza kulegea, ukiisukuma inacheza tu, na siku kijana wa jirani alipotusaidia kulirudisha nyumbani likanasa kwenye gia ya pili, likagoma hapohapo chini ya mfenesi wetu. Fundi aliyekuwa akilijua alikuwa amekwenda msibani Mahenge. Mpunga wetu, wote, ulikuwa umeshapigwa na kutiwa kwenye magunia, umelala bondeni shambani ukilindwa na Mjomba Deo, mdogo wake mama. Tukawa tunamngoja fundi. Kila siku mama akitoka nje alitazama kwanza milima ya Udzungwa, halafu ndipo anasalimia watu.

Asubuhi ile milima haikuonekana. Kulikuwa na ukuta mweusi mahali pake. Simu ya baba, kitochi chenye kioo kilichopasuka, ikalia, na sauti ya Mjomba Deo nikaisikia mpaka nje: "Shikamoo shemeji! Maji yameingia majaruba ya chini! Mkichelewa leo, hamtakuta kitu!"

Nilikuwa nyuma ya jiko natafuna kiporo cha kiazi. Baba na mama walikuwa ndani. Ukuta wa jiko letu ulikuwa wa mabanzi, ukitega sikio unasikia hata mtu akimeza mate.

"Mkono huu hauna dawa tena," baba alisema. "Ni kuung'oa tu."

"Leo?"

"Leo, sasa hivi. Tukiendelea kungoja tumekwisha."

"Nani ataung'oa, na wewe mwenyewe uko hivyo?"

Nikasikia kigoda cha baba kikisogea. Halafu akasema, "Wewe."

"Mimi, Baba Skola?"

"Nitakuelekeza. Ni nyundo tu na msumari. Ila upige taratibu, maana ukikosea utapasua shingo."

Kiazi kikanianguka mkononi. Nilingoja mama akatae. Mama ninayemjua mimi alikuwa akimwambia kuku samahani kabla ya kumchinja. Lakini nikamsikia akivuta pumzi na kusema, kwa sauti ileile ya kupanga mapishi ya mchana, "Haya. Skola atatushikia kitambaa."

Mimi! Kitambaa cha nini? Sikuhitaji kuambiwa. Shuleni nilishasikia habari za mikono iliyooza ndani ya hogo, na vidole vile vya baba nilikuwa nimeviona. Niliingia stoo, nikaichukua nyundo, nikaikumbatia kifuani na kutoka mbio kuelekea barabarani. Nyundo ilikuwa nzito, inanigonga kidevuni kila hatua, na mimi nalia kwa sauti yote niliyopewa na Mungu.

Barabarani alikuwapo Bi Zuhura, jirani yetu, akikaanga samaki. Alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Pembeni yake walikaa vijana wa baiskeli wakingoja abiria.

"Bi Zuhura! Mama anamng'oa baba mkono! Kwa nyundo!"

"Nani?"

"Mama! Na atampasua shingo!"

Bi Zuhura hakuuliza la pili. Alichomoa kijiko chake kirefu cha kukaangia kutoka kwenye mafuta, akafunga kanga kiunoni, akaanza kwenda, na vijana wakatupa baiskeli zao chini wakamfuata. Kina mama waliotoka sokoni wakafuata vijana. Mpaka tunaingia uwanjani kwetu tulikuwa kama maandamano ya Jumapili ya Matawi, isipokuwa hatukuwa na matawi.

Tukamkuta baba ameketi juu ya gunia tupu kando ya pikapu, hogo lake jeupe na zima. Mama alikuwa ameinama mlangoni mwa gari akitafuta kitu chini ya kiti.

"Mama Skola!" Bi Zuhura alinguruma. "Weka chini!"

Mama akainuka. "Shikamoo Bi Zuhura. Niweke chini nini? Hiyo nyundo yenyewe siioni."

"Mumeo amekukosea nini mpaka umng'oe mkono?"

 Kijiko kilidondosha mafuta mchangani. Baba akamtazama Bi Zuhura, akanitazama mimi na nyundo yangu, akatazama hogo lake. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaushika ule mkono mgonjwa kwa uchungu, machozi yakimtoka, akawa anajaribu kusema na maneno hayatoki. "Wa gia!" alisema mwishowe. "Mkono wa gia, jamani! Wa gari!"

Watu walivyocheka siku ile, sijasikia tena. Kijana mmoja wa baiskeli alilala chini kabisa. Mama alicheka amejifunika uso kwa kanga. Mimi peke yangu nililia, na nililia zaidi kwa sababu wanacheka, mpaka baba akaniita. "Njoo, Skola. Lete nyundo. Uje uuone huo mkono wenyewe." Akanivutia kwake kwa ule mkono mzima na kuninong'oneza, "Umefanya vyema kunitetea. Sasa ingia ndani ya gari." Machozi yangu yalikauka palepale. Kuingia ndani ya gari, kwenye kazi! Niliruka kama chura.

Hakuna aliyeondoka. Nilikaa sakafuni kwenye vumbi la pumba, kichwa changu chini ya usukani, mama kitini amejikunja, baba nje dirishani akielekeza. Kwanza kifuniko kidogo cha bati, skrubu zikatoka kwa bisibisi. Ndani kulikuwa na grisi nyeusi nzito, na harufu yake ikanijaa puani. Baba akasema, "Chini ya grisi hiyo kuna pini inayoushika mkono. Skola, pangusa." Nikapangusa kwa kile kitambaa, ambacho sasa nilikuwa nakipenda sana, na pini ikaonekana, kichwa chake kidogo kama punje ya mbaazi.

Mama akaweka msumari mnene uliokatwa ncha juu ya pini, akagonga. Akakosa. Akagonga tena, nyundo ikateleza ikaparuza usukani.

"Hapana, hapana!" baba akasema. "Unaliua! Toka, nifanye mwenyewe."

Mama akatoka. Baba akaingia. Akashika msumari kwa mkono wa kulia, akatafuta mkono wa kushika nyundo, hakuuona. Akaweka msumari mdomoni, akashika nyundo, msumari hauna wa kuusimamisha. Niliona jasho likimtoka kwenye masikio. Huko nje watu walikuwa wameacha kucheka. Milima iliguruma, mbali.

"Umemaliza?" mama aliuliza. Hakuuliza kwa dhihaka. Aliuliza kama anavyouliza mtu akimaliza kula ili achukue sahani.

Baba akashuka. Alimpa nyundo, mpini ukitangulia.

Safari hii baba aliegemea dirisha akatazama tu. Mama akaweka msumari, akaondoa kiatu kimoja akakaza mguu sakafuni, akapiga kwa vipigo vidogo vidogo vya kutwanga kisamvu. Nilikuwa nimeweka kiganja changu chini ya tundu. Nikaiona pini ikitikisika. "Imesogea!" nikapiga kelele, na watu wote nje wakapiga kelele, "Imesogea!" Akapiga tena, na tena, pini ikashuka, ikaniangukia kiganjani. Ilikuwa ya moto! Imepinda kama kucha ya kuku. Niliiinua juu dirishani na Bi Zuhura akapiga vigelegele.

Mama akashika ile fimbo kwa mikono miwili, akaizungusha, akaivuta. Ikatoka nzima. Na pamoja nayo ikatoka springi ndogo iliyokuwa imejificha nyuma yake, ikaruka pwaa, ikapita dirishani, ikatua mchangani mbele ya kuku wetu mwekundu. Kuku akadhani ni mnyoo. Akaidaka akakimbia.

"Springi! Msiiache iende!" baba akapiga ukelele wa mtu aliyeibiwa.

Mnajua kuku mmoja akipata mnyoo kuku wengine hufanya nini. Wote walimfukuza, sisi tukawafukuza wote, vijana wa baiskeli wakiruka vitalu vya mchicha, Bi Zuhura akiziba njia kwa kanga yake iliyotandazwa kama wavu. Kuku alipoona mnyoo hauliki aliutema, na mimi ndiye niliyeuangukia kwa tumbo. Nilirudi nayo mkononi kama mtu aliyetwaa kombe.

Baada ya hapo kulikuwa na kazi ya kuitoa gia iliyonasa. Mama akashika kile kipande cha chuma kilichobaki kwenye shingo ya usukani kwa spana, na wale vijana niliowaita waje kumwokoa baba wakajipanga, wengine mbele, wengine nyuma. "Sukuma!" baba akasema. "Rudisha! Sukuma!" Gari likawa linayumba kama mtoto anayebembelezwa, mama anakaza spana, nami nimebandika sikio kwenye shingo ya usukani. Nikasikia ndani kabisa: klik. Gari likateleza mbele likiwa huru, vijana nusura waanguke. Baba alipiga boneti kofi. Sijui kama hata sisi tungekuwa watano nyumbani tungeweza kulisukuma vile.

Pini mpya ilikatwa kutoka kwenye msumari wa kenchi ya paa. Kijana mmoja alitoa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli yake tukauzungushia mkono ili usicheze. Ulirudi mahali pake kwa urahisi, kama unapajua. Halafu wote tukasimama, na swali ambalo hakuna aliyeliuliza likasimama nasi. Mbingu ilikuwa imeshuka mpaka kwenye minazi ya jirani.

"Mimi naweza, mzee," alisema yule kijana wa mpira. "Nilishawahi kuendesha trekta."

Baba alimtazama. Akamtazama mama, ambaye alikuwa bado kitini, grisi mpaka kwenye viwiko, kiatu kimoja mguuni.

"Kaa hapohapo," baba akamwambia. "Umekuwa ukinitazama miaka yote, unadhani sikuoni? Miguu yako wewe. Mkono wangu mimi."

Akazunguka, akapanda upande wa abiria. Ndipo nikaelewa: mkono wake wa kulia ulikuwa mzima, na kutoka pale uliifikia ile fimbo, ukipita mbele ya kifua changu. Vijana na Bi Zuhura na kijiko chake wakapanda nyuma. Mama akafanya ishara ya msalaba, akawasha.

Tuliruka uwanja mzima kama panzi. Gari likazima. Akawasha tena. "Klachi!" baba akasema, na mama akakanyaga. Baba akavuta fimbo akaishusha. "Achia. Polepole. Kama unavyomlaza mtoto." Tukaenda! Tukaenda kweli, tukapita meza ya samaki ya Bi Zuhura, tukaiacha barabara kubwa, tukashika njia ya bondeni, na nyuma watu wakaimba wimbo wa mavuno. Mimi nilikuwa katikati, miguu ya mama upande mmoja, mkono wa baba mbele yangu, nikaona kwamba ninayemtazama ni dereva mmoja aliyegawanyika vipande viwili.

Mvua ilitukuta shambani. Mjomba Deo alikuwa juu ya dungu lake la kuamia ndege, akitupungia shati. Maji yalikuwa yameshafunika miguu ya magunia ya chini. Alipomwona aliyeshika usukani, alisahau kutusalimu. "Dada!" alisema, "ni wewe?" Mama akamjibu, "Pakia, utashangaa baadaye."

Walipakia kwa mnyororo, mtu kwa mtu. Bi Zuhura alibeba gunia peke yake begani kama anabeba mto. Mimi nilipewa kazi ya kushika turubai, na upepo ulitaka kunipeleka nalo mpaka Uchindile huko mbali.

Kurudi ndiko kulikokuwa vita. Palikuwa na kilima kifupi cha kutokea bondeni, utelezi mtupu, na gari sasa limejaa. Katikati ya kilima injini ikaanza kulia. "Punguza gia!" mama akasema. "Bado!" baba akasema. "Sasa, nasema!" "Wewe klachi, mimi gia!" Tairi zikazunguka, tukaanza kurudi nyuma, kitako chetu kikielekea mtaroni. Nilifumba macho. Nikasikia mama akisema kwa sauti ya chini kabisa, "Nikusikilize mimi, au uusikilize wewe mguu wangu?"

 Nilipofumbua macho baba alikuwa hatazami tena njia. Alikuwa anatazama mguu wa kushoto wa mama. Ulipoanza tu kushuka, mkono wake ulikuwa umeshakwenda. Hakuna aliyesema klachi, hakuna aliyesema gia. Gari likakohoa, likashika ardhi, likapanda taratibu, taratibu, vijana wakisukuma kwa mabega ndani ya tope, mpaka pua yake ikainuka na barabara ikawa tambarare. Nyuma ikapigwa kelele ambayo sijui kama mvua yenyewe haikuiogopa.

Magunia ya chini yalilowa. Tuliyaanika kwenye maturubai siku nyingi, mengine yakaota yakawa ya bata. Lakini mpunga mwingi ulipona, na mwaka ule tulikula wali mpaka mavuno yaliyofuata, na kila nyumba iliyokuwa nyuma ya pikapu siku ile ililetewa sahani yake.

Baba alipokatwa hogo, mkono ulitoka mwembamba na mweupe kama kitu kilichokaa kisimani. Ulipopata nguvu tukapanga kumpelekea bibi mchele Mang'ula. Asubuhi hiyo nilikaa mahali pangu pa katikati nikingoja. Baba akaja na ufunguo, akasimama kwenye mlango wa dereva, akaufungua, akapangusa kiti. Kisha akamwita mama, akampa ufunguo, akazunguka mbele ya gari na kupanda upande wa pili.

Mama aliingiza gia mwenyewe. Baba alimtazama ya kwanza, akamtazama ya pili. Kwenye ya tatu akateremsha kioo, akaweka kiwiko dirishani. Upepo wa mashamba ya miwa ukaingia, milima kushoto kwetu ikiwa safi kama sahani zilizooshwa. Nilikuwa na maswali mengi ya kumuuliza baba, na nilipogeuka kuanza la kwanza, tukiwa hatujafika hata Kiberege, nilimkuta amelala, kichwa kimeegemea mlango, mdomo wazi, anakoroma.

"Mama," nikanong'ona, "baba amelala."

Mama alimtupia jicho, akarudisha macho barabarani. Alitabasamu peke yake kitambo. Tulipofika kwenye daraja akakanyaga klachi, akashusha gia polepole sana, asimwamshe.